Mikopo ya asilimia 10, Moshi

Ndugu zangu wa Moshi, kina mama na vijana wanaulizia mikopo ya halmashauri kila siku, kwa hiyo naeleza hapa. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini unarejeshwa. Siyo ruzuku.

Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha wanawake au vijana kiwe na watu wasiopungua watano, katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki ya kikundi na namba za NIDA. Jina likitofautiana na la NIDA hata kwa herufi moja, maombi hukwama. Rekebisheni mapema.

Andiko la mradi, yaani maelezo ya biashara mnayoombea mkopo, ndilo linaloangusha wengi. "Tunaomba milioni tano za biashara" halitoshi. Kama ni kuku, andikeni idadi ya vifaranga, bei ya kila kimoja, mifuko ya chakula, chanjo, na mnunuzi ni nani. Na tafadhali, fedha zikiingia msigawane. Marejesho huanza kuyumba hapo hapo.