Pasi imefundisha fizikia leo

Jioni hii binti yangu, yuko kidato cha pili, kaja na daftari la fizikia, uso kaukunja.

Nikamwambia, weka daftari, lete pasi.

Mimi ni fundi umeme, mita haikai mbali. Tukapima: soketi volti 230, pasi ikipata moto inavuta ampea 5.

"Gawanya." Volti 230 kwa ampea 5: ukinzani, yaani jinsi pasi inavyozuia umeme kupita, ni omu 46.

"Sasa zidisha." 230 mara 5, nguvu ya pasi ni wati 1,150.

Akainama kusoma kibandiko cha pasi: 1000–1200W.

"Baba, imo humohumo!"

Ule uso! Nimefurahi mno.

Ikiwaka saa nzima mfululizo, uniti 1.15 za LUKU. Hapo mama yake naye akasogea.

Kesho tunapima birika. Nyie kwenu mngeanza na kifaa gani?