Kukuza vimwani ni rahisi, kazi ni kuvizamisha

Mtu wa Tanga akisikia mwani unasafisha majitaka, atafikiria ule unaofungwa kwenye kamba baharini. Hapa ni vimwani, vijimea ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho, vile vinavyoyapa maji yaliyotuama rangi ya kijani. Juani hutoa oksijeni, bakteria wakaitumia kuvunja uchafu, na hewa ya kaboni wanayotoa ikawa chakula cha vimwani. Kwa jua letu hili vitaota tu. Shida ni kuvitoa majini: vikitoka na maji hadi kwenye mikoko, vitafia huko na kuoza, na uchafu utakuwa umehama tu.

Bwawa la majaribio la mita 10 za mraba, kina cha sentimita 30, huchukua lita 3,000. Lijengwe refu lenye ncha za duara na ukuta katikati, ili gurudumu la makasia liyazungushe maji kwa mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde. Kipimo ni chungwa la Muheza: huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo wa bahari hauliyumbishi sana. Lipite mita 2 kwa sekunde 10. Likisita kwenye kona, hapo tope litalala, lioze na kunuka kama yai viza. Weka vibao vya kuongoza maji.

Majitaka yapite kwanza kwenye chujio la nondo na tangi la kutuamisha. Anza na lita 600, jazia maji ya kawaida, kisha tia ndoo mbili tatu za maji ya kijani kutoka bwawa la majitaka lililokomaa. Yakishakolea kijani, ingiza lita 500 kwa siku, kidogo kidogo mchana kutwa. Ukimwaga kwa mkupuo asubuhi, kufikia alasiri kaboni imekwisha, pH (kipimo cha uasidi wa maji) imepita 9, na amonia iliyomo kwenye majitaka imegeuka sumu kwa vimwani vyenyewe.

Kila siku jaza chupa angavu ya lita 1 maji ya bwawa, uiache dakika 30. Iwe kivulini, maana juani viputo vya oksijeni huinua madonge na kukudanganya. Maji ya juu yakibaki kijani, vimwani bado havijashikana na bakteria kuwa madonge yanayozama. Rudisha bwawani sehemu ya tope lililozama kwenye tangi la mwisho, ambamo maji hutuama yakitoka bwawani, kila siku: vinavyozama hubaki na kuzaliana, vinavyoelea huondoka. Huchukua wiki kadhaa, na wengi hukata tamaa hapa hapa.

Kijani kikififia ghafla ndani ya siku mbili tatu na ukaona vidudu vikirukaruka majini, hao ni viroboto maji, wanakula vimwani. Acha kurudisha tope, maana unawarudisha nao, ongeza maji yanayoingia ili yakae bwawani siku 4 badala ya 6, kisha tia upya ndoo za maji ya kijani kama mwanzo. Glavu na buti wakati wote. Haya ni maji ya vyooni.