"Sarcasm" na nyama ya mwili

Hapa Nairobi, neno la Kiingereza "sarcasm" husikika hata vinywani mwa watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima, ila naona linatumiwa kwa wepesi mno: yeyote asemaye kinyume cha anachokusudia hudaiwa kuwa na "sarcasm". Asili yake ni kali kuliko hivyo.

Mzizi wake ni neno la Kigiriki "sarx", yaani nyama ya mwili, ambalo lilizaa kitenzi "sarkazein", na maana yake ya awali ilikuwa kurarua nyama kama wafanyavyo mbwa. Kikatumiwa pia kwa mtu anayejiuma midomo kwa hasira, kisha kwa yule anayemsema mwenzake kwa uchungu na dharau. Nomino iliyotokana nacho ilipokelewa na Kilatini kwa umbo la "sarcasmus", na katika karne ya 16 ikaingia katika Kiingereza. Maelezo yaliyoambatana na mashairi ya Edmund Spenser mwaka 1579 yanaitumia ikiwa bado na tamati yake ya Kilatini. Ndugu zake wanatisha zaidi. Sarkoma ni saratani ya mifupa, misuli na tishu nyingine za aina hiyo, na jeneza la mawe liitwalo "sarcophagus" ni mla nyama, kwa kuwa mwandishi wa Kirumi, Pliny, alisimulia kwamba jiwe la Assos, mahali palipo katika Uturuki ya leo, humaliza maiti kwa siku 40 na kusaza meno tu.

Kwa hiyo mtu anayetazama mvua ikimwagika na kusema, "Hali nzuri ya kuanika nguo," ametumia kinaya, kwani hakuna aliyeumia. Msimamizi anayemwambia mfanyakazi aliyechelewa, mbele ya wenzake wote, "Karibu mzee, tulidhani umeshastaafu," huyo amerarua. Kiswahili kina kejeli, dhihaka na kebehi, lakini kwangu lililo karibu zaidi na fikra ya Wagiriki ni kijembe, maana mpiga vijembe naye hukata, tena mara nyingi bila kumtaja anayekatwa.

Mchongoano wa vijana wetu mitaani huhesabiwa na wengi kuwa "sarcasm", nami sikubaliani nao. Anayemwambia mwenzake kwamba nyumba yao ni ndogo hadi jua likiingia wao hutoka, hasemi kinyume cha anachokusudia, bali anapiga chuku waziwazi, na mwenzake amekwisha kuandaa jibu huku wasikilizaji wakisubiri kuamua nani kashinda. Maneno hayo hayo akiambiwa mtoto ambaye hakuingia katika mashindano, na ambaye kwao kweli ni chumba kimoja, huo si mchongoano tena.