Lesi Balogun, george Trade Fair: nilivyonunua mzigo Lagos katikati ya Wayoruba na Waigbo

Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2023 nilikuwa nimekaa kitandani kwenye nyumba ya wageni Surulere, Lagos, mzigo wangu umegawanyika mjini. Lesi zilikuwa soko la Balogun, kisiwani, dukani kwa mama mmoja wa Kiyoruba. Nitamwita Alhaja tu, maana ndivyo sokoni wote wanavyomwita tangu arudi hija. Vitambaa vya george vilikuwa upande mwingine kabisa wa jiji, Trade Fair, kwenye barabara ya kwenda Badagry, kwa mfanyabiashara wa Kiigbo ambaye vijana wake wanamwita Oga, yaani bosi, nami nikazoea hivyo hivyo. Kesho yake ulikuwa uchaguzi wa gavana na magari hayaruhusiwi kutembea. Jumapili maduka yamefungwa. Jumatatu alfajiri nina ndege. Na Oga alikuwa amefunga duka tangu Alhamisi, na sehemu ya pesa yake nilikuwa sijamaliza kumlipa.

Nilitoka na mzigo wote. Naandika namna ilivyowezekana kwa sababu dada zangu wa Kariakoo wananiuliza kila mara kuhusu bei za Lagos, na mimi nawajibu kwamba Lagos bei ni jambo la pili.

Nilianza kwenda mwaka 2018. Huku kwetu harusi haijakamilika bila sare, na kule wana aso-ebi, nguo ya familia: mwenye shughuli anachagua kitambaa, ndugu na marafiki wote wananunua hicho hicho. Lesi Wanigeria wameipenda tangu miaka ya 1960, ilipokuwa ikiletwa kutoka viwanda vya kudarizi vya Austria na Uswisi, ingawa siku hizi nyingi zinatoka Asia. George ni kitambaa kizito cha India ambacho wanawake wa Kiigbo na wa Delta ya mto Niger wanakivaa kwenye shughuli zao. Mimi nilitaka vyote viwili, kwa kuwa mteja wangu wa Dar hajui tofauti hiyo, anachotaka ni kupendeza kwenye kicheni pati.

Safari ya kwanza nilifanya kosa ambalo Kariakoo si kosa. Alhaja alinitajia bei ya lesi, nikamwambia kuna duka nimepita wamenitajia chini ya hapo. Akaniuliza duka la nani. Nikamwonyesha. Akakunja kitambaa taratibu, akakirudisha kwenye nailoni yake, akasema, "Basi nenda kwa omo Igbo wako," mtoto wako wa Kiigbo. Mchana mzima hakunisemesha. Nilikaa pale pale kwenye kibenchi nje ya duka lake mpaka jioni, nikampigia goti kama nilivyoona mabinti wa Kiyoruba wanavyowasalimu wakubwa, nikaomba radhi. Akaniinua. Tangu siku hiyo ananiita omo mi, mwanangu. Nami tangu siku hiyo sijawahi kutoa bei ya duka hili nikaipeleka duka lile, wala neno, wala sifa.

Ilinichukua safari nyingi kuelewa nilichogusa. Sisi Watanzania tunadhani tunajua habari ya kabila na pesa, kwa sababu tunawatania Wachaga. Kila Disemba tunaona mabasi ya Moshi yamejaa, na kweli Waigbo nao Krismasi wanahama Lagos kwenda kwao mashariki mpaka foleni za mjini zinapungua. Lakini utani una ruhusa yake, mtani anakuja mpaka msibani akakutania na ukacheka. Kati ya Wayoruba na Waigbo wa Lagos sikuona mlango wa namna hiyo. Alhaja aliwahi kunisimulia alivyosikia kwa baba yake: mwaka 1948 magazeti ya pande mbili yalitukanana mpaka watu wakaenda sokoni kununua mapanga. Lagos hii hii. Na hiyo ni kabla ya uhuru, kabla ya vita.

Vita vya Biafra, mashariki ya Waigbo ilipotaka kujitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970, ndivyo Oga anavyoanzia kila hesabu yake ingawa alizaliwa baadaye. Vilipokwisha, Mwigbo aliyekuwa na akiba benki alipewa pauni 20, haidhuru alikuwa ameweka ngapi. Waliokuwa na nyumba Port Harcourt, wengi walirudi wakakuta zimeitwa mali iliyotelekezwa na ndani anakaa mtu mwingine. Miaka miwili tu baadaye, 1972, serikali ikatoa amri ya kuwauzia wananchi hisa za makampuni ya kigeni. Mwenye pauni 20 angenunua nini? Baba yake Oga alianza upya na mzigo wa mitumba kichwani. "Sisi hatukupewa kitu hapa," Oga huniambia, "tulinunua." Wana msemo wao, aku ruo ulo, mali ifike nyumbani. Ndiyo maana mtu ana chumba kimoja Lagos na ghorofa kijijini Anambra. Anayejua kwamba nyumba inaweza kuchukuliwa hajengi penye wasiwasi.

Alhaja naye ana lake, na nimelisikiliza kwa moyo ule ule. Bibi yake aliuza mtaa ule ule anaouza yeye. Kinachomchoma ni ile kauli kwamba Lagos ni ardhi isiyo na mwenyewe. Aliniambia, "Mgeni unampa sebule, anapata mali, halafu anawaambia wapita njia kwamba nyumba hii haina mwenyewe." Akilisema hilo sauti yake inashuka. Kwake Eko, jina la Kiyoruba la Lagos, ni kaburi la bibi yake, ni mfalme, ni uongozi wa Iyaloja, mama wa soko, ambao wanawake wa Kiyoruba wameushika vizazi na vizazi. Mtu akimwambia hayo yote si kitu mbele ya risiti ya kodi ya fremu, anamfuta.

Wanaosema Waigbo wamezaliwa na biashara kwenye damu siwaamini. Nimeona inavyotengenezwa. Kijana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne anatolewa kijijini, anakabidhiwa kwa mtu kama Oga, anamtumikia miaka sita, saba, pengine nane. Wanaita igba boi. Anafagia duka, anabeba mzigo, anajifunza mteja anavyokata bei, mshahara hana. Mwisho bwana wake anamtoa: anampa mtaji, wakati mwingine anamlipia pango, na wauzaji wa jumla wanaanza kumkopesha kwa kuwa wanajua ametoka mikononi mwa nani. Soko zima la vipuri la Ladipo, vifaa vya umeme vya Alaba, vitambaa vya Trade Fair, yamejaa watu waliozaliana hivyo, mmoja akimtoa mwingine. Na Wayoruba wana yao. Kina mama wa Balogun wana ajo, mchezo wa kupeana ambao mwanamke anaweza kuupokea akafungua duka la pili, na oda ya aso-ebi ya watu mia mbili haiendi kwa mgeni, inakwenda kwa binti wa shangazi.

Kwa hiyo pesa rahisi inazunguka ndani ya ukoo, nje ya ukoo inakuwa pesa ghali. Nilipolielewa hilo ndipo nikajua tatizo langu hasa. Mimi nilikuwa nje kwa wote wawili. Nilinunua taslimu, kwa bei ya mpita njia, mwaka wa kwanza na wa pili. Nikaamua kutafuta kuaminiwa kabla ya kutafuta punguzo. Kila mmoja nilimwomba mzigo mdogo wa mkopo, mdogo kabisa, nikalipa kabla ya siku. Safari iliyofuata mkubwa kidogo, nikalipa kabla ya siku. Kitambaa kikiwa na dosari nilituma picha siku ile ile badala ya kusubiri nije kugomba. Na kila mmoja nilimwambia waziwazi kwamba nanunua pia kwa mwenzake. Kuficha ningeonekana mpelelezi.

Wengine watakushauri uchague upande mmoja ujifiche humo. Nawaelewa, ni salama zaidi. Lakini mtu wa upande mmoja ataanza kukulisha maneno, na siku moja utayarudia mbele ya asiyepaswa kuyasikia.

Mwaka 2023 ndio ulionipima. Nilifika Machi mwanzoni nikakuta nchi haina pesa mkononi. Benki Kuu ilikuwa imebadilisha noti za naira 200, 500 na 1,000, za zamani zimekusanywa, mpya hazionekani. Mwenye kimashine cha kutolea pesa alikukata kamisheni ya kutisha. Danfo, yale mabasi ya njano, konda hataki kusikia habari za kutumiwa pesa kwa simu. Mallam wa Kihausa anayenibadilishia dola alinionyesha mfuko wake wa kitambaa ukiwa mtupu. Aliweza kunitumia naira benki tu, na mitandao ya benki ilikuwa imeelemewa, muamala unakwenda na haurudi.

Juu ya hilo, siasa. Tarehe 25 Februari Peter Obi, Mwigbo, alikuwa ameshinda kura za urais za jimbo la Lagos: 582,454 dhidi ya 572,606 za Bola Tinubu, ambaye Lagos ndiyo ngome yake na ndiye aliyetangazwa rais wa nchi. Tofauti ya kura zisizofika elfu kumi ilibadilisha hewa ya mji. Mgombea ugavana wa chama cha Obi, Gbadebo Rhodes-Vivour, baba yake ni wa Lagos na mama yake Mwigbo, na mitaani hicho cha mama ndicho kilichozungumzwa. Simu zilijaa jumbe za kuonya Waigbo wasitoke kupiga kura. Oga alinikumbusha Aprili 2015, mfalme wa Lagos alipowaambia viongozi wa Waigbo kwamba atakayempinga mgombea wake wa ugavana atafia kwenye maji. "Unaniuliza kwa nini nimefunga?" Sikuuliza tena.

Asubuhi ile ya Ijumaa nilimpigia Alhaja kumwambia nitachukua lesi tu, george nitaziacha. Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Unadaiwa kiasi gani huko?" Nikamtajia. Akauliza namba ya akaunti ya Oga. Nilisita. Nikampigia Oga kwanza nikamwomba ruhusa ya kuitoa, nikamweleza ni kwa nani. Naye akakaa kimya, halafu akaisoma tarakimu moja moja.

Benki ya Alhaja ilikataa mara tatu. Ya nne ikapita. Oga alinitumia picha ya ujumbe wa benki, jina kamili la Alhaja limeandikwa pale, jina la Kiyoruba na la Kiislamu, na chini yake akaandika: "Nimeona. Mzigo unakuja." Mimi nilimrudishia Alhaja kwa dola mkononi siku ile ile.

Ilibaki namna ya kuufikisha. Oga hakutaka kijana wake aingie kisiwani peke yake. Alhaja akamtuma mpwa wake na gari mpaka Mile 2, kijana wa Oga akaja nao hapo, mabalo manne, wakapanda pamoja. Mimi niliwasubiri Balogun, nimeshikilia simu, nahesabu dakika kila walipokwama kwenye foleni.

Walifika saa kumi. Kijana alikuwa wa miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, ameshusha mabalo yote mwenyewe. Alhaja alikuwa ameketi. Yule kijana akamsujudia kabisa, kifua chini, kama mwana wa Kiyoruba anavyomsalimu mama yake, akasema "E kaasan, ma." Alhaja akamjibu kwa Kiyoruba, naye akaendelea kwa Kiyoruba, bila kukwama. Akamuuliza amejifunzia wapi. Kijana akasema amezaliwa Ajegunle, humu humu Lagos, kwao kijijini anakwenda Krismasi tu.

Alhaja alimtazama muda mrefu. Akaita apewe chakula, amala na nyama, akamwambia ale ndani, asile pale barazani. Hakusema zaidi. Magharibi mpwa wake alimrudisha kijana mpaka Mile 2, kisha akaleta mzigo wote Surulere. Jumamosi sikutoka chumbani. Tulisikia kwenye simu habari za watu waliozuiwa vituoni kwa sababu ya sura au jina, na miongoni mwao walikuwemo Wayoruba waliodhaniwa Waigbo. Jumatatu niliruka.

Tangu hapo nimekwenda tena. Naira imeporomoka tangu Juni ile ya 2023 na hesabu zote zimebadilika, bei za zamani hazina maana tena. Alhaja na Oga hawajawahi kuonana, wala mmoja hanitumi salamu kwa mwingine. Yule kijana Oga alimtoa, ana fremu yake ndogo hapo hapo Trade Fair, george na vilemba.

Safari iliyopita Alhaja alikuwa ananipimia lesi, hajainua macho, akaniuliza yule mtoto wa Ajegunle anauza george bei gani. Kuna mteja wake anataka za watu themanini. Nikamwambia bei ya duka la mtu huwa sibebi, yeye anajua. Nikamwandikia namba ya simu.