Sisi Tuliopona Tuko Wapi?

Huku ughaibuni tunajuana kwa misiba. Mtu wetu akifariki Leeds, Bradford au Sheffield, kabla siku haijaisha kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina kapatikana, michango ya kusafirisha mwili imeanza kuingia. Arusi hivyo hivyo, ubatizo hivyo hivyo. Lakini kwa muda wote niliokaa hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hadi majuzi, sikuwahi kumsikia mtu akisimama mbele ya wenzake akasema: niliugua akili, nikatibiwa, nimepona, kesho naingia kazini. Tunazika hadharani, tunapona mafichoni.

Jambo hili linatugharimu sana. Mtu anayeanza kuugua hutazama pembeni atafute mfano wa aliyepita njia hiyo. Akitazama kwetu anaona watu wa aina mbili tu: wazima wanaocheka kwenye picha, na yule aliyerudishwa nyumbani akiongea peke yake, ambaye habari zake hutolewa kwa kunong'onezana. Wa katikati, walioshindwa kuinuka kitandani kwa miezi na leo wanaendesha basi au wanauguza wagonjwa, hawaonekani, na hao ndio wengi. Basi naye anahesabu kwamba kama si wa kundi la kwanza, atakuwa wa la pili. Hapo ndipo anapofunga mdomo.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga, na kazi yangu ni kea, yaani mtunzaji, wa shifti za usiku katika nyumba ya wazee. Desemba huku kaskazini mwa Uingereza jua hutoka kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro robo. Ukiwa mtu wa shifti za usiku, wiki nzima inaweza kukatika hujaliona. Ugonjwa ulivyonijia sikuutambua kwa sababu sikuwa nalia, na mimi nilidhani mgonjwa wa mawazo ni mtu anayelia. Nilichoka tu, uchovu ambao usingizi hauutoi. Chakula hakikuwa na ladha. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja nimevaa, nyingine nimeishika mkononi, nasikia basi langu linafika kituoni, linafungua mlango, linaondoka, na bado sijainuka. Simu za nyumbani nikawa sipokei. Majira ya baridi wenzetu wametutangulia saa tatu, kwa hiyo mama akiamka saa kumi na mbili na kukumbuka ada ya mdogo wangu, kwangu ni saa tisa usiku. Na deni la wakala aliyenitafutia kazi hii lilikuwa bado halijaisha.

Aliyenitoa hapo hakuwa daktari. Alikuwa mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa basi, tuliyekutana naye tukipika pilau ya msiba nyuma ya ukumbi. Alikuwa anageuza nyama, mimi namenya vitunguu. Bila hata kunitazama akasema, "Wewe hulali."

"Nalala, mzee."

"Hulali wewe. Uso huo naujua, nilikuwa nao mimi."

Halafu, huku akiendelea na mwiko wake, akanisimulia. Kwamba kuna mwaka alishindwa kwenda kazini, mkewe akampeleka kwa daktari kama mtoto. Kwamba alipewa vidonge, na siku za mwanzo tumbo lilimvuruga na kichwa kikawa kizito zaidi, akataka kuvitupa, mkewe akamwambia ngoja kwanza. Kwamba asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, alisikia njaa. "Njaa tu, mwanangu. Nikajua narudi." Akatia mkono mfuko wa koti akanionesha pakiti ya vidonge. Alikuwa bado anavitumia, na basi alikuwa anaendesha.

Nimeifikiria sana simulizi ile, kwa nini ilinifikia wakati mawaidha mengi yalikuwa yamenipita. Naona ni kwa sababu ilikuwa na mambo madogo. Hakuniambia nijikaze, wala kwamba yote yatapita. Aliniambia vidonge vinasumbua tumbo siku za kwanza. Nilipoanza vyangu, na tumbo likavurugika kweli, sikuogopa, nilijua nimefika mahali ambapo mzee alipita. Ushuhuda unaosema tu "nilikuwa gizani, sasa niko nuruni" unampendeza msikilizaji aliye mzima. Mgonjwa anataka kujua kilichomo katikati: ulimwambia nani kwanza, kazini ulisemaje, hela ya kutuma nyumbani ulifanyaje.

Kwa hiyo na mimi niseme ya katikati yangu. Nilikwenda kwa daktari wa mtaa, yule GP, akanipa fomu ya PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai, na mengineyo. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu, jumla 27, na ukifika 20 wanahesabu kuwa umezidiwa sana. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Ndugu zangu, hilo swali lijibuni kwa ukweli. Kulijibu hakukupeleki polisi wala kukufungia wodini hapo hapo. Daktari analiuliza ili ajue usalama wako na aamue msaada uje kwa haraka kiasi gani.

Lugha ikikupiga chenga, omba mkalimani, ni bure. Najua hofu yetu: Waswahili hapa ni wachache, mkalimani anaweza kuwa shemeji yake jirani yako. Omba wa kwenye simu. Wangu alikuwa mji mwingine kabisa, sikuijua sura yake wala yeye yangu.

Nilianzishiwa sertraline, dawa ya sonona, miligramu 50. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa ndipo uone tofauti, na ukishapata nafuu unashauriwa kuendelea nazo kama miezi sita hivi, na usiziache ghafla. Sambamba na hapo nikapelekwa kwenye ushauri wa mazungumzo wa NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa. England unaweza hata kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Mshauri wangu, mama wa Kiingereza mpole sana, alinipangia mambo madogo ya kila siku: kutembea nusu saa mchana kabla ya shifti, kupika chakula kimoja cha kwetu kwa wiki, kumpigia mama siku niliyoipanga mimi. Aliniambia nisingoje hamu ndipo nitoke. Nitoke kwanza, hamu itanikuta njiani. Ilichukua muda, lakini ndivyo ilivyokuwa. Suala la kutuma hela ilibidi nimweleze mwanzo hadi mwisho, maana kwao mtoto hamsomeshi mdogo wake. Alipoelewa, tuliandika pamoja kwenye karatasi kiasi ninachoweza na tarehe, na nikampigia kaka yangu mkubwa nikamsomea kama kilivyo.

Kuna wanaokaa na ugonjwa wakihofia gharama. Viza nyingi za hapa zinalipiwa huduma ya afya mapema, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, mwanafunzi 776. Maana yake umeshalipa. Wenye viza ya afya na kea wamesamehewa malipo hayo na wanatibiwa vile vile.

Mzee wa Mombasa na mimi tulipoanza kukaa pamoja na wenzetu wachache, Jumapili mchana, hatukubuni jambo jipya. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha kazi ya namna hii mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani. Hakukuwa na vyumba wala wataalamu, basi bibi wakafundishwa kusikiliza watu wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliopitia kwa bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Waliomaliza vikao vyao hukaribishwa kwenye vikundi, wanakaa duara wanafuma mifuko huku wakisimuliana. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Ndiyo maana kikao chetu hakikosi jungu la kupika.

Masharti yetu yalitokana na maumivu. Kijana mmoja alisimulia yake, mtu akamrekodi, na ile sauti ikafika Kahama kwa mama yake kabla kijana hajafika chumbani kwake. Hakurudi tena, na sina la kumlaumu. Tangu siku hiyo simu zinakaa kwenye beseni mlangoni, zangu na za wazee pia. Hatusimulii njia ambayo mtu alitaka kujidhuru nayo, tunasimulia kilichomzuia na aliyempigia. Hatushauriani kupunguza wala kuongeza dawa. Aliye katikati ya dhoruba hatumlazimishi kusema, akitaka kukaa akala na kuondoka, aende na chakula. Na kila anayesimulia husindikizwa na mtu mmoja hadi kwake, maana usiku baada ya kusema ni mgumu, hilo nalijua vizuri.

Dini zetu tumekuja nazo na hatuziachi mlangoni. Wapo wanaofunga na kuomba, wapo wanaosomewa, na dua imenishika mkono mimi pia. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa achague kati ya sala na kidonge. Mzee wa Mombasa humeza chake baada ya alfajiri, kwenye msala ule ule.

Woga wenyewe haukuanzia uwanja wa ndege. Mtoto wa Tanzania akitaka kumtukana mwenzake humwambia apelekwe Mirembe, wa Nairobi hutaja Mathari, na hizo ni hospitali za akili ambako watu wanatibiwa na kurudi makwao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kenya walikuwa na kifungu cha aina hiyo, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu aliyekulia chini ya sheria hizo, unamtarajia aje Leeds akaongee na mgeni siku ya kwanza? Atahitaji kumsikia wa kwao kwanza.

Ukizidiwa usiku wa leo, na uko England, piga 111 kisha chagua 2, ni watu wa afya ya akili, saa 24. Hatari ikiwa imefika, piga 999. Samaritans, shirika la kuwasikiliza waliolemewa, wako kwenye 116 123, bure, kote Uingereza. Walioko Marekani na Kanada ni 988.

Mwezi ujao zamu ni ya muuguzi mmoja wa Kisumu, atakayesimulia ugonjwa uliompata baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Ameomba wawe wanawake watupu, na tumekubali. Wanaume tutakuwa chumba cha pili na watoto, na chakula ni juu yetu: wali, maharage ya nazi na kuku. Dada uliye karibu na ungependa kusikia, muulize yeyote aliyepika kwenye msiba wa mwisho, atakuelekeza.