Ufunguo Mkobani Mwangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa tafakari ya Zaburi ya 23 kwa wiki hii. Nimeiweka kando, maana tangu Jumanne sijapata usingizi wa maana.

Jumanne mchana jirani alinipigia simu nikiwa kazini. Mpira wa gesi jikoni kwangu ulikuwa umeshika moto. Ndani alikuwemo binti anayenisaidia kazi, pamoja na mwanangu wa miaka 3. Majirani walisimama barazani na ndoo za maji, wanamsikia mtoto akilia, wasiweze kuingia. Mlango una kufuli kwa nje, madirisha yote yana nondo. Ufunguo ulikuwa mkobani mwangu, upande wa pili wa mji. Huwa nafunga hivyo kila asubuhi.

Nilifika baada ya saa nzima ya foleni. Mungu ni mwema: binti alikuwa amelowesha kanga yake, akauzima moto, akafunga mtungi. Aliponiona alisema, "Shikamoo mama. Naomba unisamehe, wali umeungua."

Wali, wapendwa. Aliniomba msamaha kwa ajili ya wali.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya, uzungushie dari yako, yaani paa bapa la juu, ukuta, mtu asije akaanguka ukaleta damu juu ya nyumba yako. Miaka yote niliupita mstari huu haraka, nikidhani ni wa mafundi. Usiku ule ulinirudisha kwenye habari niliyoisoma nikiwa chuoni, ya kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, kilichokuwa kwenye ghorofa tatu za juu za jengo la ghorofa 10.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, muda wa kutoka kazini umekaribia. Moto ulianzia ghorofa ya 8. Wasichana wa ghorofa ya 9 wakakimbilia mlango wa ngazi wa upande mmoja, wakakuta umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walitaka wote watokee mlango mmoja tu, na pale kila binti afungue mkoba wake, aangaliwe kama hajaiba kitambaa. Ngazi za kikosi cha zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Wengi walijirusha madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao mabinti wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano, wakiwemo wa miaka 14.

Desemba mwaka huohuo wenye kiwanda waliachiwa huru. Haikuthibitika mahakamani kwamba walijua mlango ule ulikuwa umefungwa saa ile. Na mmoja wao alikiri mbele ya mahakama kwamba mali iliyokutwa imeibwa na wafanyakazi haikuzidi dola 25.

Mimi sina hata utetezi huo. Nilijua mlango umefungwa. Na nilichokuwa nakilinda ni sukari na mafuta ya kula.

Siku ile ya moto mwanamke aitwaye Frances Perkins alikuwa akinywa chai nyumba ya karibu. Akakimbia kuangalia, akawaona wakianguka. Alikuwa mtu wa sala, Mwepiskopali, yaani Mwanglikana wa Marekani, na hakuishia kulia. Tume ya kuchunguza viwanda ilipoundwa, aliwachukua watunga sheria wakaone wenyewe. Alimfanya Robert Wagner, seneta wa jimbo la New York, apenye kwenye tundu dogo ukutani hadi kwenye ngazi yenye barafu, ambayo ndiyo iliyoitwa njia ya kuokokea moto. Sheria zikatungwa: milango isifungwe watu wakiwa kazini, na wafanyakazi wafanye mazoezi ya kutoka. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Hata akiwa waziri alikuwa akienda kwenye nyumba ya watawa huko Maryland, anakaa kimya, anasali, kisha anarudi kupigania pensheni za wazee.

Wapendwa, niruhusuni niseme kwa ukali, kwa kuwa najisema na mimi. Tunaofungia watu ndani ni sisi tunaoimba kwaya. Ni sisi tunaotoa fungu la kumi huku mshahara wa binti wa nyumbani una miezi miwili haujalipwa. Yakobo 5:4 inasema vilio vya waliozuiliwa ujira vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Usimwombee binti wa watu ulinzi wa malaika na huku umeondoka na ufunguo. Kama unasoma hapa ofisini na umefunga mtu nyumbani, omba ruhusa, rudi ukafungue. Kama mtumishi wako hajawahi kuonyeshwa namna ya kufunga mtungi, mwonyeshe leo, kabla ya ibada ya jioni.

Jumatano niliamkia kwa fundi wa funguo. Jioni nilimwita binti sebuleni, nikamwomba msamaha, nikampa ufunguo wake. Alinitazama, kisha akautazama ule ufunguo muda mrefu. Halafu akaufunga kwenye pindo la kanga, kanga ileile iliyoungua upande mmoja.