Joka mdogo ameniliza

Nimemaliza Temeraire, mfululizo wa riwaya za Naomi Novik, vitabu vyote tisa, na tangu jana sijielewi. Ni vita vilevile vya Napoleon, hata ile ya baharini ya Trafalgar imo, ila majeshi yanapigana angani juu ya majoka. Nilipoanza nilicheka. Napoleon na majoka, jamani?

Kisha nikakutana na Levitas, kitabu cha kwanza tu. Joka mdogo, mpole, mwenye nahodha (ndiye anayempanda vitani) asiyejali hata kuhakikisha ameoshwa. Anajeruhiwa vitani, yuko kufani, na bado anamuulizia bwana wake. Laurence, nahodha Mwingereza ambaye ndiye mhusika mkuu, anakwenda kumburura yule bwana hadi pale, na Levitas anafurahi. Anafurahi kwamba amekuja! Nililia kwa kwikwi, kitabu kifuani, saa nane za usiku.

Katikati kuna vitabu vinavyojikokota (kile cha Australia nilikisukuma tu). Lakini mwisho wa cha nne, Laurence anapopeleka dawa Ufaransa ili majoka wa adui wasife, huku akijua kwao ataitwa msaliti na hukumu yake ni kifo, nilisimama nikaanza kuzunguka chumbani.

Nahodha wa Levitas bado sijamsamehe.